Mtihani wa Maarifa: Mlango wa Pili wa Sekondari

Mtihani wa Maarifa (QT), unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, humwezesha mtu mzima aliyekosa sekondari kujisajili baadaye kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miongoni mwa masomo yake ni Uraia, Historia na Jiografia.

Kwetu Nyakunguru, maandalizi ya Uraia yaanzie kijijini: mkutano mkuu, halmashauri ya kijiji, kura. Mama aliyeozwa angali binti anayajua hayo kwa kuyaishi. Kinachomlemea ni kuyaandika kwa Kiingereza, lugha ya mtihani. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zimsaidie hapo.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliutangaza 1970 Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wito huo ungali wetu.