Chuo kilipovuka geti: kutoka Kisumu ya 1968 hadi Asumbi

Anayetoka Rongo kwenda mjini Homa Bay hupita Asumbi, misheni ya Wakatoliki iliyotoa walimu kizazi baada ya kizazi. Siku hizi barabara hiyo ina chuo kikuu huku na huku: Rongo upande wa Migori, Tom Mboya upande wa Homa Bay. Miaka ya 1960 hapakuwa na hata kimoja. Kijana wa Nyanza Kusini aliyetaka kumsikia mhadhiri alifunga safari hadi Nairobi au Makerere, la sivyo amngoje mhadhiri amfuate.

Mmoja alikuja, na hakuja kwa kupenda. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, alitoa shairi lake refu, Song of Lawino, mwaka 1966, akapewa kuongoza kituo cha taifa cha utamaduni mjini Kampala. Muda si muda akaikosoa serikali ya Uganda akiwa nje ya nchi, kazi ikaota mbawa, naye akavuka mpaka. Chuo cha Nairobi kikamtuma magharibi mwa Kenya kufundisha watu wazima walio nje ya chuo, makao yake Kisumu. Mwaka 1968 akaanzisha huko Tamasha la Sanaa la Kisumu.

Uganda ilimpoteza mtu, Nyanza ikampata. Kiacholi na Dholuo ni ndugu, kwa hiyo hakuwa mgeni wa kutafutiwa mkalimani. Alikuwa amekwisha kusimamia tamasha Gulu. Na ingawa alisoma hadi Oxford (alifika Uingereza 1956 kama mchezaji wa timu ya Uganda, akabaki kusoma), alishikilia kwamba wimbo wa mwanakijiji ni fasihi sawasawa na kitabu. Mwaka huohuo wa tamasha, mwezi Oktoba, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba waliandika waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Waraka huo husifiwa kila mwaka madarasani. Tamasha la Kisumu halitajwi sana, nami naona hapo tunakosea: waraka ulibadilisha mtaala, tamasha lilibadilisha aliyeketi mbele.

Makerere nayo ilikuwa imeanza kuzungusha mchezo wa jukwaani bila kiingilio tangu 1965. Nairobi ikafuata 1974. Kisha likaja la Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru. Mwaka 1977 riwaya ya Ngũgĩ, Petals of Blood, ilizinduliwa na waziri, Mwai Kibaki, na hakuna aliyekamatwa. Miezi michache baadaye wanakijiji hao wakaigiza uwanjani mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Kibali kikafutwa mnamo Novemba na Ngũgĩ, mwandishi wake, akawekwa kizuizini mwisho wa Desemba. Kitabu kilivumiliwa, uwanja uliojaa watu haukuvumiliwa. Mwaka 1982 polisi waliubomoa.

Upande wa teknolojia, yaani kurekodi sauti za wanakijiji, simulizi ni ya zamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo, alizunguka Kenya na mashine zake akirekodi Wakipsigis, Wajaluo na wengineo. Sauti hizo zikaenda Afrika Kusini, ambako leo zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Rhodes. Miaka ya 2010 watunzaji wa sauti hizo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walirudisha nakala kwa Wakipsigis, wakiwatafuta walioimba au jamaa zao.

Basi ombi langu kwa Rongo na Tom Mboya ni moja. Ziombeni nakala za nyimbo za Wajaluo, mzipige kwa vipaza sauti hadharani Asumbi, katikati yenu, na wapiga nyatiti wa sasa wawe ndio wahadhiri wa siku hiyo. Wanafunzi warekodi, wazee wasahihishe majina.