Pembe za Ndovu Katika Makumbusho ya Mji Mdogo

Katika jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani, kuna miji miwili midogo iliyoishi kwa pembe za ndovu kwa zaidi ya karne moja. Mmoja ni Deep River. Wa pili ni Ivoryton, uliopewa jina hilo kwa sababu ya pembe zenyewe. Kampuni ya Pratt, Read katika mji wa kwanza na ya Comstock, Cheney katika wa pili zilianzia kwenye masega na vitu vidogo vidogo, kisha zikajikita katika vibonye vya piano. Takriban mwaka 1910 Marekani ilikuwa ikitengeneza zaidi ya piano 300,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya pembe zilizobandikwa juu ya vibonye hivyo ilipitia katika miji hii miwili. Mafundi walizipenda zaidi pembe laini za Afrika Mashariki. Walizipasua vipande vyembamba, wakavianika kwa siku nyingi ndani ya mabanda marefu ya vioo ili jua livitie weupe. Soko kuu la pembe hizo lilikuwa Zanzibar.

Jumuiya ya Historia ya Deep River ina makao yake katika nyumba ya mawe ya karne ya 19, na miongoni mwa vitu inavyowaonyesha wageni ni kazi za pembe za viwanda vya mji wake. Jumuiya za namna hii zimetapakaa Marekani nzima. Huendeshwa zaidi na watu wa kujitolea, wengi wao wazee, wanaofungua milango siku chache kwa wiki, wanaoalika wazungumzaji, wanaowatembeza wageni mitaani na kuwapokea watoto wa shule. Nawaheshimu sana. Bila wao, daftari za hesabu, barua za mawakala na misumeno ya kukatia pembe vingetupwa jalalani siku viwanda vilipofungwa. Hata hivyo, tujiulize mikusanyo yao ilipatikanaje. Hutoka kwenye nyumba za wenyeji: mjukuu wa mwenye kiwanda huleta picha ya babu yake, binti wa fundi huleta patasi na aproni. Aliyezibeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo hakuwa na mjukuu Connecticut wa kumpelekea jumuiya chochote. Kwa hiyo onyesho humsahau bila mtu yeyote kukusudia kumsahau.

Hoja yangu ni kwamba historia ya mahali haiwezi kuelezwa kwa ukweli ikikomea kwenye mpaka wa mahali hapo. Naongeza kwamba kukiri makosa, jambo ambalo makumbusho mengi ya Magharibi yamelianza siku hizi, hakutoshi kuivusha historia hiyo mpaka.

Tuanze na la kwanza. George Read, mmoja wa waasisi wa biashara ya pembe Deep River, alikuwa mpinzani wa utumwa. Alimpa hifadhi Daniel Fisher, mtu mweusi aliyetoroka utumwa Kusini, ambaye aliishi mjini humo kwa jina la William Winters. Kisa hiki wenyeji wanakionea fahari, na wana haki. Lakini katika zama zilezile malighafi ya kiwanda ilitoka katika soko la Zanzibar, ambako watu waliuzwa hadharani mpaka mwaka 1873. Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said tangu mwaka 1833, na balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika mwaka 1837. Walipeleka nini ili wapate pembe? Walipeleka zaidi nguo ya pamba isiyotiwa rangi, ambayo watu wa pwani na bara waliiita merikani, na ambayo wengine wanaiita hivyo hadi leo. Ilifumwa katika viwanda vya New England kwa pamba ya Kusini, iliyochumwa na watumwa. Utumwa ambao Read alimkinga nao William Winters ulikuwa umefungwa kwenye marobota na kupelekwa Unguja ili kununua pembe. Onyesho linaloweka kisa cha Winters chumba kimoja na vibonye vya piano chumba kingine huwanyima wageni jambo kubwa kuliko yote ambayo mji huo unaweza kuufundisha ulimwengu. Vyote viwili viwekwe kwenye meza moja, na kati yake itandikwe jora la merikani.

La pili ni gumu zaidi. Ernst Moore, aliyenunua pembe Zanzibar kwa niaba ya kampuni ya Arnold, Cheney mwanzoni mwa karne ya 20, alichapisha mwaka 1931 kitabu ambacho jina lake linaiita pembe janga la Afrika. Toba hiyo ina uzito wake. Lakini masimulizi ya toba yamezoea kumchora Mwafrika katika hali moja tu: mtumwa mwenye minyororo shingoni na pembe begani, asiye na jina, ujira wala akili ya biashara. Utafiti wa mwanahistoria Stephen Rockel, uliochapishwa mwaka 2006, umeonyesha kwamba misafara ya njia ya kati, kutoka pwani hadi Unyamwezi na Ujiji, ilitegemea zaidi wapagazi huru. Wanyamwezi walijiajiri kwa posho na ujira uliojadiliwa, waligoma walipodhulumiwa, na walikuwa na viongozi na desturi zao za safari. Kuwaita wote watumwa, hata kwa nia ya kuwahurumia, ni kuwapokonya historia ya kazi yao.

Hili halifuti ukatili uliotendeka. Huko Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, pembe zilipatikana pia kwa bunduki, kwa vijiji kuchomwa moto na kwa watu kutekwa, na yeyote anayetaka kulificha hilo anawadhulumu Wakongo. Onyesho la kweli litaeleza wapi palikuwa na mshahara na wapi palikuwa na mnyororo, na kwa nini.

Ushahidi wa kufanya hivyo upo, na sehemu yake imeandikwa kwa Kiswahili. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, alisimulia maisha yake kwa lugha hii, na masimulizi hayo yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Humo mna frasila za pembe, mali iliyochukuliwa kwa mkopo, jina la Taria Topan aliyemkopesha, vita na mapatano. Ni sauti ya mfanyabiashara mkubwa na lazima isomwe kwa tahadhari, kama tunavyozisoma barua za wenye viwanda wa Connecticut. Kwa upande wa pili, kumbukumbu za Pratt, Read zimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, Washington. Sioni kwa nini kurasa za daftari hizo na kurasa za Tippu Tip zisitundikwe ukuta mmoja, kila moja kwa lugha yake na tafsiri chini yake.

Hapo ndipo shughuli za hadhara zinapolizidi kabati la kioo. Jioni ya muziki ambamo piano ya zamani inapigwa, kisha mwanahistoria kutoka Dar es Salaam anaeleza mzigo wa pembe ulivyofika pwani na nani alilipwa kiasi gani, itabaki kichwani mwa msikilizaji kuliko kibandiko chochote. Wageni watauliza, watabisha, na mwandaaji atalazimika kurekebisha maelezo yake. Watauliza pia kuhusu ndovu, nao wajibiwe kwa takwimu: hesabu ya Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili.

Wajibu hauko Connecticut peke yake. Mwanahistoria Abdul Sheriff alikwisha kutuonyesha mwaka 1987, katika kitabu chake kuhusu watumwa, viungo na pembe, jinsi Zanzibar ilivyofungamanishwa na uchumi wa viwanda vya Magharibi. Sisi tuliomsoma tumeandika zaidi kwa ajili ya wenzetu wa vyuo vikuu. Tuziandikie jumuiya hizi ndogo barua, tuwape maandishi ya Kiswahili pamoja na tafsiri zake, tuombe nakala za picha na hesabu zinazohusu Zanzibar, Bagamoyo na Tabora, na tuzionyeshe huku kwetu pia. Watu wa kujitolea wanaotunza nyumba zile ni wazee, na barua hizo ziandikwe wangali hai.