Ua la manjano lililovuka bahari

Pwani ya Afrika ya Kusini huota kichaka cha jamaa moja na alizeti. Maua yake ni ya manjano, na matawi yake hutambaa juu ya mchanga. Wenyeji hukiita bitou. Wataalamu wamekipa jina la Kigiriki, Osteospermum, maana yake mbegu-mfupa, kwa kuwa mbegu yake ni ngumu kama mfupa. Kwao hakimsumbui mtu, maana wadudu wengi hula machipukizi na mbegu zake.

Sasa sikilizeni namna kilivyofika Australia. Aina moja ilipelekwa kwa ajili ya uzuri wake. Mwaka 1852 ilikuwa bustanini Sydney, na mwaka 1858 Melbourne. Aina ya pili, ile inayotambaa, ilionekana mwaka 1908 karibu na mji wa Newcastle. Yafikiriwa ilikuja katika mchanga uliopakiwa merikebuni ili kuongeza uzito, kisha ukamwagwa bandarini.

Baadaye serikali ya jimbo la New South Wales ikaona shida. Upepo ulipeperusha mchanga wa pwani, na wachimba madini walikuwa wameiacha nchi tupu. Basi tangu mwaka 1946 hata 1968 mabwana wa udongo wakapanda bitou pwani kwa makusudi. Nia ilikuwa njema, na kweli mchanga ulishikwa.

Lakini wale wadudu walibaki Afrika. Ndege wakala matunda meusi, wakatapanya mbegu mbali. Kichaka kikafunika mimea ya asili, ikakosa mwanga, ikafa. Mwaka 1999 jimbo lile lile lililokipanda likakiandika katika hesabu ya mambo yanayohatarisha viumbe vyake.

Wakafanya nini? Watu wa pwani waling'oa kwa mikono, wengine wakanyunyiza dawa. Tena wataalamu walirudi Afrika ya Kusini kutafuta wale wadudu. Mwaka 1989 wakaachilia nondo ambaye mabuu yake hula machipukizi, na mwaka 1996 nzi anayeharibu mbegu. Kichaka kimepunguzwa mahali pengi, lakini hakijakwisha.

Ndugu, usiseme kwamba waliopanda walikuwa wajinga. Walijua kazi yao. Waliuliza kama mmea utashika mchanga, wasiulize nani ataula. Nasi tukiletewa mche mzuri kutoka mbali, tuulize kwanza: Kwao, ni nini huuzuia? Na hapa kwetu, ni nini kitauzuia?