Ridhaa na Ujira: Vijana wa Hoki kati ya Kanada na Vyuo Vikuu vya Marekani

Mtafsiri wa habari za michezo akutanapo na neno la Kifaransa « amateur » hupewa na Kiswahili neno moja la kutegemea, nalo ni ridhaa. Twasema mchezo wa ridhaa, mchezaji wa ridhaa, na kinyume chake mchezaji wa kulipwa. Lakini maneno hayo mawili hayakuzaliwa nyumba moja. Lile la Kifaransa latokana na Kilatini, nalo lamtaja mtu apendaye jambo. Waingereza waliliazima katika karne ya 18, kisha wakalibebesha mzigo wao wenyewe. Letu latoka Kiarabu, na maana yake ni kukubali kwa hiari. La kwanza lauliza: je, wapenda? La pili lauliza: je, umekubali? Hakuna hata moja liulizalo kama umepokea fedha. Hata hivyo, kanuni zote za ustahiki wa wachezaji wa vyuo zimejengwa juu ya swali hilo la tatu.

Makala haya yataangalia kisa kimoja cha kanuni hizo, yaani ile iliyowafungia vijana wa hoki ya Kanada milango ya vyuo vikuu vya Marekani kwa muda wa miongo kadhaa, hadi mwaka 2025. Msomaji aweza kushangaa kuona mchezo wa barafu katika jarida letu, sisi ambao barafu twaijua kwa kuiona ndani ya gilasi. Tumeuchagua kwa sababu hatujaona mfano mwingine unaoonyesha wazi hivyo jinsi neno moja laweza kubadili maana kwa kuvuka mpaka tu, huku mtu aitwaye kwa neno hilo akibaki yuleyule.

Tuanze na mchezo wenyewe. Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, wamevaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, wakipiga kwa fimbo kisahani cha mpira mgumu. Kule Kanada mtoto huujifunza katika klabu ya mtaa wake, si shuleni. Nchini Marekani, kinyume chake, shule na vyuo vikuu ndivyo vilivyolea michezo tangu karne ya 19. Tofauti hiyo ya malezi ni ndogo kwa sura, lakini ndiyo mzizi wa ugomvi wote utakaofuata.

Dhana ya ridhaa katika michezo ilipata sheria zake Uingereza. Mwaka 1866 klabu moja ya riadha ya London iliweka kanuni iliyowatenga mafundi, watu wa kazi za mikono na vibarua. Mwaka 1879 waandaaji wa mashindano ya makasia ya Henley waliandika kanuni ya namna hiyohiyo. Tuone vizuri: aliyekatazwa hakukatazwa kwa sababu alilipwa kupiga makasia, bali kwa sababu aliishi kwa mikono yake. Usafi wa mchezo ulikuwa jina la heshima la utengano wa matabaka. Wamarekani waliipokea dhana hiyo na kuiondolea ubwana wake wa waziwazi, wakabakiza sehemu ya fedha. Mwaka 1906 kiliundwa chama ambacho baadaye kiliitwa NCAA, yaani shirika la taifa la michezo ya vyuo. Ukali wa nyakati hizo waonekana katika habari ya Jim Thorpe, Mmarekani wa asili aliyeshinda medali mbili za dhahabu mjini Stockholm mwaka 1912, akanyang'anywa mwaka 1913 kwa kuwa aliwahi kulipwa fedha kidogo katika mchezo mwingine kabisa. Ilimpasa kufa kwanza. Haki yake ilianza kurudishwa mwaka 1982 na kukamilika mwaka 2022.

Hoki ilipata ubingwa wa NCAA mwaka 1948, na Chuo Kikuu cha Michigan kikawa cha kwanza kuutwaa. Vijana wa Kanada walikuwamo tangu mwanzo, maana ndio waliokuwa wameiva. Murray Armstrong, mwalimu wa timu ya Denver tangu mwaka 1956, alikuwa mtu wa Regina, nao wachezaji wake aliwatafuta kwao, katika nyanda za magharibi ya Kanada. Wengi walikuwa wameshapita umri wa kawaida wa mwanafunzi mpya. John Mariucci wa Minnesota, aliyependa kuwainua vijana wa jimbo lake, alilipinga jambo hilo kwa sauti kubwa. Mwaka 1958, mwaka uleule Denver ilipotwaa ubingwa, vyuo vinne (Minnesota, Michigan, Michigan State na Michigan Tech) vilijitoa katika ligi yao, na ligi ikavunjika. Ilizungumzwa lugha ya umri na usawa. Lakini baadhi ya vyuo vilivyojitoa navyo vilikuwa na Wakanada wao, jambo linalotufanya tusiipokee lugha hiyo kwa ukamilifu.

Katika kizazi kilichofuata, chuo kikuu kilikuwa bado njia iwezekanayo kwa kijana wa Kanada mwenye akili ya darasani. Mlinda lango Ken Dryden alikwenda Cornell, akatwaa ubingwa wa mwaka 1967, akahitimu katika somo la historia mwaka 1969, kisha akasomea sheria kwao huku akichezea Montreal. Baadaye alikuwa mwandishi na waziri, akafariki mwaka 2025. Wakanada hupenda kumtaja yeye wanapotaka kuthibitisha kwamba kitabu na fimbo vyaweza kukaa mkononi mmoja. Wachache ndio waliopata njia nyofu kama yake.

Mwaka 1973 suala lilifika mahakamani. Wachezaji wawili wa Kanada katika Chuo Kikuu cha Boston walikatazwa kucheza kwa kuwa, walipokuwa vijana, klabu zao ziliwasaidia gharama za kuishi. Kanuni iliruhusu mchezaji kusaidiwa na wazazi au na shule, haikuruhusu asaidiwe na klabu ya hoki. Sasa msomaji arudi kwenye tofauti tuliyoitaja: Mmarekani aliyelelewa na shule ya bweni iliyompa chakula, malazi na karo alihesabiwa safi, Mkanada aliyepewa mambo yaleyale na klabu, kwa kuwa kwao shule hazina kazi hiyo, alihesabiwa najisi. Katika kesi ya Buckton dhidi ya NCAA, jaji wa mahakama ya shirikisho ya Massachusetts aliona kwamba kanuni hiyo, kwa matokeo yake, iliwabagua wageni, akaamuru waruhusiwe kucheza. Hapakuandikwa popote neno Kanada katika kanuni, wala halikuhitajika.

Ushindi huo haukuzaa matunda marefu. Mwaka 1975 ligi tatu kubwa za vijana (ya magharibi, ya Ontario na ya Quebec) ziliungana chini ya chama kimoja, kijulikanacho kwa herufi CHL. Kwa wachezaji wa umri wa miaka 16 hadi 20 hakuna shule ya hoki inayoipita hiyo duniani. NCAA nayo iliandika katika vitabu vyake kwamba timu za daraja hilo ni timu za kulipwa. Ilitoa sababu mbili: vijana wale hupewa posho, na baadhi ya wenzao kikosini wameshatia sahihi mikataba na klabu za NHL, ligi kuu ya wakubwa. Basi anayekaa na aliyetia sahihi huhesabiwa kama aliyetia sahihi yeye mwenyewe. Mechi moja ya kirafiki kabla ya msimu ilitosha kumtia doa.

Hapa ndipo jambo linapomgusa mtoto. Ligi ya magharibi huwagawa vijana kwa klabu zake wakiwa na miaka 14 au 15. Kwa hiyo mtoto ambaye bado hajamaliza masomo ya kati aliletewa karatasi mbili mezani kwa wazazi wake. Akitia sahihi ya kwanza ataondoka nyumbani, atalala kwa familia ya wenyeji katika mji wa mbali, atacheza mechi sitini na zaidi kwa msimu, na mlango wa vyuo vya Marekani utafungwa. Akikataa, atakwenda ligi za daraja la chini, kama ile ya British Columbia, asubiri hadi miaka 18 au zaidi, akiomba asiumie wala asisahauliwe. Ni kweli kwamba CHL ilikuwa na fidia yake: kwa kila msimu, klabu ilimlipia kijana mwaka mmoja wa masomo, na vyuo vikuu vya Kanada vilimpokea bila kumwuliza doa lolote. Hata hivyo uchaguzi ulifanywa mapema mno, na haukuwa na marejeo. Tukirudi kwa neno letu la Kiswahili, twauliza: hiyo ndiyo ridhaa?

Tulilolitaja juu ya mpaka ladhihirika mwaka 2014. Katika Oktoba ya mwaka huo, waliokuwa wachezaji wa ligi hizo walifungua kesi nchini Kanada wakidai mshahara wa kima cha chini kilichowekwa na sheria, maana posho yao ilikuwa dola chache kwa juma dhidi ya saa nyingi za mazoezi, safari na mechi. Ligi zilijibu nini? Zilijibu kwamba vijana hao si wafanyakazi. Ni wanafunzi wanamichezo, ni watu wa ridhaa. Majimbo kadhaa yalizisikiliza na kurekebisha sheria zao za kazi ili wachezaji hao wasihesabiwe wafanyakazi. Ontario ilifanya hivyo mwaka 2018. Mwaka 2020 pande mbili zilikubaliana malipo ya dola milioni 30 za Kanada, nayo mahakama zikachukua miaka mingine kabla ya kuyaidhinisha.

Basi tumtazame kijana mmoja wa Windsor, mji wa Ontario unaotazamana na Detroit, mto tu kati yao. Kwenye ukingo wake huambiwa: wewe ni wa ridhaa, kwa hiyo hustahili mshahara. Akivuka daraja huambiwa: wewe ni wa kulipwa, kwa hiyo hustahili kucheza chuoni. Kwa posho ileile, katika juma lilelile. Mwanaisimu hufundishwa kwamba maana ya neno hutegemea muktadha. Hapa twaona jambo zaidi ya hilo, kwani kila upande ulichagua maana iliyoupunguzia gharama, na zote mbili zilimwangukia mtu yuleyule.

Ukuta haukubomolewa na hoja za maana. Ulilegezwa na fedha kutoka ndani. Mwezi wa Juni 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwamba NCAA haiwezi kuweka mipaka juu ya misaada inayohusu masomo kinyume cha sheria za kupinga uhodhi. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, NCAA iliwaruhusu wanafunzi kupata fedha kwa majina na sura zao. Tangu hapo mwanafunzi aliweza kupokea maelfu ya dola kwa tangazo la gari na akabaki wa ridhaa, wakati Mkanada aliyepewa nauli na posho alibaki wa kulipwa.

Agosti 2024 kijana wa Fort Erie, Ontario, aliyekuwa amecheza mechi mbili tu za kirafiki kwa klabu ya Windsor akiwa na miaka 16, aliishtaki NCAA pamoja na vyuo kadhaa katika mahakama ya shirikisho ya Buffalo. Kesi haikungojewa iishe. Tarehe 7 Novemba 2024 baraza la daraja la kwanza la NCAA lilipiga kura: kuanzia tarehe 1 Agosti 2025, aliyecheza CHL ataweza kucheza chuoni, mradi hakulipwa zaidi ya gharama zake halisi na za lazima. Kura hiyohiyo iliwagusa wateleza juu ya theluji, nao hawakuandikwa sana magazetini.

Julai 2025 Gavin McKenna, mzaliwa wa Whitehorse katika Yukon na mchezaji bora wa Medicine Hat, alitangaza kwamba atakwenda Penn State. Mwezi mmoja kabla, mahakama ilikuwa imeidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwagawia wachezaji hadi dola milioni 20.5 kila chuo katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo waliofika kutoka ligi « za kulipwa » walikuta chuoni malipo ambayo kwao hawajawahi kuyaona. Wanaolalamika sasa ni wengine: ligi za daraja la chini, zilizoishi kwa kuwapokea waliokwepa doa, na vijana wa Marekani ambao nafasi zao katika vikosi, venye kikomo cha wachezaji 26 kwa vyuo vilivyoingia katika makubaliano hayo, zimechukuliwa na wageni walioiva kuwapita. Malalamiko yao yafanana sana na yale ya Mariucci. Uamuzi wa 2024 haukumwondolea kizuizi yule aliyetia sahihi mkataba wa NHL, hata kama hajagusa barafu ya ligi hiyo, wala haukuwarudishia kitu wale waliotia sahihi wakiwa watoto katika miaka ya 1980, 1990 na 2000.