Mchezo Uliokuwa Kazi: Maisha ya King Majuto

Wahenga walisema, kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake ni kuwa kazi, hata ikiwa duni, yapita mchezo kwa thamani. Methali hii ni kweli kwa watu wengi, lakini haimweki mahali pake mtu ambaye mchezo wenyewe ndio kazi yake. Mtu wa namna hiyo alikuwa Amri Athuman, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akapanda jukwaani angali mtoto, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Kichekesho cha siku zile kilikuwa mchezo mfupi usioandikwa. Waigizaji walipatana juu ya kisa tu, kama vile mume bahili au mshamba aliyeingia mjini, kisha maneno wakayatunga papo hapo. Shule hiyo haikutoa cheti, wala haikusamehe. Aliyeshindwa kuchekesha alijua kosa lake palepale, kwa kimya cha watazamaji.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa sababu hii, sehemu kubwa ya maisha ya mchekeshaji huyu ilipita mbele ya macho ya waliohudhuria tu. Televisheni, kanda za video na baadaye DVD zikamchukua mahali ambapo miguu yake isingemfikisha. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipandisha bidhaa na watu wa pwani hadi chini ya Kilimanjaro. Karne moja baadaye, kicheko cha Tanga nacho kilipanda mlima. Katika miteremko ile, hata Mkuu wa Rombo, watu wengi huanza kusema kwa lugha za Kichaga kabla ya Kiswahili. Lakini mzee mkaidi, mwenye tamaa kuliko nguvu zake, hahitaji mkalimani. Uso wa Majuto ulikuwa umekwisha kusema kabla kinywa hakijafunguka.

Ustadi wake ulionekana zaidi alipoigiza pamoja na kijana Hussein Mkiety, aliyeitwa Sharo Milionea, naye mwenyeji wa Tanga. Huyu alikuwa mlimbwende wa mwendo na maneno ya mjini. Yule alikuwa mzee wa mambo ya kale. Kicheko kilizaliwa katika umbali uliokuwa kati yao. Mkiety alifariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza tarehe 26 Novemba 2012, na mzee akabaki.

Hata hivyo, chombo kilichomfikisha mbali hakikumletea faida ya kulingana na safari hiyo. Jukwaani, kila onyesho lilikuwa na kiingilio chake. Katika biashara ya filamu, desturi iliyoenea ilikuwa msanii kulipwa mara moja, kisha kazi yake ikauzwa na kuuzwa tena pasipo yeye kupata kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999. Lakini sheria haimfai mtu aliyekwisha kutia sahihi mkataba asioufahamu.

Mwaka 2018 Majuto aliugua, akapelekwa India kwa matibabu. Akiwa katika hali hiyo, malalamiko juu ya mikataba yake yalimfikia waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, na kamati ikaundwa kupitia mikataba ya wasanii. Basi mtu aliyechekesha taifa kwa miaka mingi alisikilizwa kwa makini juu ya riziki yake pale alipokuwa hawezi tena kuchekesha.

Alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akiwa na umri wa miaka 70. Rais John Magufuli alikuwa miongoni mwa waliomuaga katika viwanja vya Karimjee, Dar es Salaam, kisha akazikwa kwao Tanga.

Heshima ile ilikuwa kubwa, na ilimstahili. Lakini heshima ya mazishi haiwezi kushika mahali pa ujira. Ikiwa mchezo wake ulikuwa kazi, na hapana shaka ulikuwa kazi, basi ulikuwa na haki ya kazi: malipo kamili, wakati mtendaji yu hai wa kuyapokea.