Sahihi Isiyo Sahihi: Augusta, 1968

Neno "sahihi" tulilipokea kutoka Kiarabu, nasi tukalipa kazi mbili. Kwanza ni sifa ya jambo lisilo na kosa: jibu sahihi, hesabu sahihi. Pili ni jina la ile alama ya mkono tuiwekayo chini ya waraka kuonyesha kwamba tumeukubali. Siku hizi "saini" imeingia maofisini kwa kishindo, na huenda ikaisukuma nje maana hii ya pili. Nitasikitika ikiwa hivyo, kwani kuziweka maana hizo mbili ndani ya neno moja ni kudai kwamba aliyeweka mkono wake amelithibitisha jambo kuwa kweli. Tukio linalonionyesha uzito wa dai hilo kuliko jingine lolote ninalolijua halikutokea mbele ya kadhi wala ndani ya diwani, bali katika uwanja wa gofu wa Augusta, jimbo la Georgia, Marekani.

Kwa wasioujua mchezo huu: mchezaji hupita mashimo 18, na kila pigo analoupiga mpira mpaka uingie shimoni huhesabiwa. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mashindano makubwa huchezwa siku nne, duru moja kila siku. Wachezaji wanaofuatana uwanjani huandikiana kadi, huyu akiweka hesabu ya yule. Duru ikiisha, kila mmoja huipokea kadi yake, huipitia, huitia sahihi na kuikabidhi kwa wasimamizi. Hivyo basi mchezo huu, ambao wengi huudhani ni wa fimbo na mpira tu, hufungwa kwa kalamu.

Mashindano ya Masters ni moja kati ya manne makubwa ya gofu ya wanaume, na ndiyo pekee kati ya hayo yanayorudi uwanja uleule kila mwaka. Mwaka 1968 siku yake ya mwisho, Jumapili tarehe 14 Aprili, iliangukia Pasaka. Ilikuwa pia siku ya kuzaliwa ya Roberto De Vicenzo wa Argentina, aliyetimiza miaka 45. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa Open ya Uingereza huko Hoylake, akimwacha Jack Nicklaus kwa mapigo mawili.

Siku hiyo alianza akiwa nyuma ya kiongozi, Gary Player wa Afrika Kusini, kwa mapigo mawili. Katika shimo la kwanza pigo lake la pili, lililotoka mbali, likatumbukia shimoni moja kwa moja, na watazamaji wakamwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mashimo tisa ya mwanzo aliyamaliza kwa mapigo 31. Alipofika shimo la 17, ambalo kiwango chake ni mapigo manne, alilimaliza kwa matatu, mbele ya umati na mbele ya kamera za televisheni. Katika la 18 akateleza, akapiga matano. Jumla ya duru ikawa 65, na ya siku zote nne 277.

Nyuma yake alikuwa akija Bob Goalby, Mmarekani wa Illinois. Shimo la 13 na la 14 kila moja alilimaliza kwa pigo moja pungufu ya kiwango. La 15, ambalo ni la mapigo matano, akalimaliza kwa matatu. Akapoteza pigo moja katika la 17, akatulia katika la 18, akarudi na 66. Jumla yake nayo ikawa 277. Kwa kanuni za wakati ule, wawili hao wangerejea uwanjani Jumatatu kucheza mashimo mengine 18 ili mmoja apatikane.

Jumatatu hiyo haikuchezwa. Tommy Aaron, aliyefuatana na De Vicenzo na kumwandikia kadi, katika kisanduku cha shimo la 17 alikuwa ameandika 4 badala ya 3. De Vicenzo, angali na uchungu wa shimo la mwisho, aliitupia kadi jicho, akaitia sahihi, akaondoka. Aaron mwenyewe ndiye aliyeibaini kasoro ile, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuwekwa.

Kanuni haikuwa na utata. Anayetia sahihi idadi pungufu ya aliyoipiga huondolewa mashindanoni. Anayetia sahihi idadi iliyozidi hubaki nayo. Hata kujumlisha si wajibu wa mchezaji, hiyo ni kazi ya kamati. Lililo juu yake ni tarakimu ya kila shimo. Wasimamizi walikwenda kwa Bobby Jones, mwanzilishi mwenza wa mashindano, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa, na hakukuwa na njia ya kuikwepa kanuni. Pigo ambalo halikupigwa likaingia katika historia: De Vicenzo 66, jumla 278, wa pili. Goalby bingwa.

Mtunzi wa mashairi akilitafakari jambo hili hawezi kukosa kuwakumbuka wanakili wetu wa zamani, walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu, ambamo nukta moja tu huitenga herufi na mwenziwe. Nao walikosea. Lakini utenzi una mlinzi wake. Mizani ikipungua sikio hushtuka, na kina kikipotea msomaji husimama na kuuliza. Kadi ya gofu haina mizani wala kina. Nne katika shimo la mapigo manne ni tarakimu ya kawaida kuliko zote, haimshtui mtu. Kosa lilijificha mahali ambapo ukweli ndio uliokuwa wa ajabu.

Kisha kuna usemi wenyewe wa De Vicenzo, ambao umeishi kuliko matokeo. Akizungumza Kiingereza kisicho chake, alisema: "Mjinga gani mimi!" Magazeti yaliunukuu pamoja na kasoro yake ya kisarufi, kwani alikitumia kivumishi mahali ambapo Kiingereza hudai nomino, kama lugha yake ya Kihispania inavyomruhusu. Nimejaribu kuitafsiri kasoro hiyo, nimeshindwa. Kwetu "mjinga" ni mtu kamili, ana kiambishi chake cha ngeli ya watu, na sentensi husimama bila kuyumba. Katika Kiswahili De Vicenzo hakukosea lolote, walau katika kusema. Wala hakumlaumu Aaron. Alijitaja mwenyewe tu, na kwa hilo naona alikuwa ameielewa sahihi kama sisi tunavyoielewa: jina lililo chini ya kadi lilikuwa lake.

Ninayemhurumia zaidi ni Goalby, na najua wengi hawatakubaliana nami. Kadi yake haikuwa na doa. Duru yake ya 66 ilikuwa na mapigo 66. Hakuiandika kanuni wala hakuomba itumike, na alinyimwa Jumatatu ambayo huenda angeshinda mbele ya macho ya watu. Badala yake alipokea barua za matusi, na mpaka alipofariki mwaka 2022 jina lake lilitajwa aghalabu kama kiambatisho cha kisa cha mwingine. De Vicenzo alipendwa ulimwenguni kote, akatunukiwa nishani ya Bob Jones mwaka 1970, akaishi hadi mwaka 2017. Koti la kijani la bingwa lilikuwa la Goalby. Huruma yote ilikwenda Argentina.

Na Tommy Aaron? Mwaka 1973, katika uwanja uleule, siku ileile ya mwisho, Johnny Miller ndiye aliyemwandikia kadi. Aaron aliipitia kabla ya kuitia sahihi. Katika kisanduku cha shimo la 13 alikuta 5, ilhali alikuwa amepiga 4. Ikasahihishwa. Akalitwaa taji kwa mapigo 283, na J. C. Snead akawa wa pili kwa 284.