Umepata Ajali ya Nduthi Busia ama Malaba? Hivi Ndivyo Unafuata Fidia Bila Kuchezwa

Jina boda boda lilizaliwa huku kwetu. Miaka ya 1960 wasee wa baiskeli walikuwa wanavusha watu na mizigo Busia, kutoka upande mmoja wa mpaka hadi ule mwingine, wakiita wateja "boda! boda!" Mwaka wa 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na nduthi zikajaa kila steji, kutoka Bumala hadi Amagoro. Ajali nazo zikafuata. Tangu 2021 barabara za Kenya zimekuwa zikimaliza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na wasee wa pikipiki ni sehemu kubwa ya hao.

Lakini leo hatuongelei takwimu. Tunaongelea wewe, ukiwa umelala kando ya lami mguu umevunjika, na dere aliyekugonga anakuonyesha thao tano. "Buda, chukua hii uende hosi, tumalizane kama wanaume."

Usimalizane. Hesabu kwanza. Tuseme unaendesha nduthi na ukitoa mafuta unabaki na Sh800 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mguu ukikuweka nyumbani miezi minne, umepoteza Sh83,200. Hapo hatujaweka eksrei, vyuma, dawa, wala yale maumivu. Thao tano haifiki hata wiki mbili.

Kitu moja uweke kwa kichwa: kesi nyingi za ajali hazipotelei kortini. Zinapotelea wiki ya kwanza, ju hakuna karatasi. Kwa hivyo tuanze hapo.

Pale pale barabarani

Kama unaweza kushika simu, ama kuna msee wa steji anaweza kukushikia, piga picha. Gari na nduthi zikiwa bado hazijasongeshwa, alama za breki, vioo vilivyovunjika, stika ya bima, nambari za gari. Kama ni trela, chukua nambari mbili: ya kichwa na ya tela huko nyuma. Tela za Kenya nambari zake zinaanza na Z. Watu wengi wanakumbuka moja tu, halafu kichwa kinafunguliwa kinaenda kuvuta tela ingine.

Chukua majina na namba za simu za mashahidi wawili ama watatu. Mama wa mahindi choma aliyeona kila kitu ni shahidi mzuri kushinda beste yako aliyekuja kuambiwa.

Dere naye sheria inamfunga. Sheria ya Trafiki inasema asimame na atoe jina, anwani na nambari za gari kwa mtu mwenye sababu ya kuuliza. Asipofanya hivyo, lazima aripoti kwa polisi ndani ya saa 24.

Na usiweke sahihi kwa karatasi yoyote ya "nimelipwa, sina madai". Hiyo karatasi itakurudia siku moja mbele ya hakimu.

Karao: OB, abstrakti na P3

Ripoti kwa stesheni ya eneo ambapo ajali imetokea. Kama uko wodini, tuma mtu wa familia. Unataka vitu vitatu:

1. Nambari ya OB. Hii inaonyesha kuna ripoti iliandikwa na siku gani.
2. Abstrakti ya polisi. Karatasi ya kuonyesha gari gani, dere nani, mwenye gari nani, bima ya kampuni gani, na nani ameumia. Soma kabla hujaondoka. Jina lako likiandikwa vibaya ama herufi moja ya nambari ya gari ikikosewa, utasumbuka baadaye.
3. Fomu ya P3. Polisi wanajaza sehemu yao, daktari anajaza kuhusu majeraha. Fomu yenyewe ni ya bure.

Kuna kitu huchanganya watu. Dere akipelekwa kortini kwa kuendesha vibaya na apigwe faini, hiyo faini inaenda kwa gava. Wewe hupati hata bob. Fidia yako ni kesi tofauti, ya madai, na ni wewe unaifungua. Lakini akipatikana na hatia kule, inakusaidia sana huku.

Hosi: kila karatasi ni pesa

Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Kwa hivyo kama ni Kocholya, ama Busia County Referral, ama kliniki iliyo karibu, kwanza utibiwe.

Halafu anza kuweka karatasi. Korti za Kenya haziamini mdomo kwa mambo ya gharama. Pesa uliyotumia lazima uitaje kwa kesi na uithibitishe. Risiti ya dawa, eksrei, magongo, nauli ya kurudi kliniki, zote weka kwa bahasha moja. Kadi ya kutoka hospitali usiipoteze. Risiti za duka la dawa hufifia, kwa hivyo zipige picha mapema.

Na usiruke kliniki ju umeanza kusikia poa. Ukikaa miezi mitatu bila kurudi, upande ule mwingine utasema ulipona kitambo.

Nani analipa?

Kenya, gari ama pikipiki haifai kuwa barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Hiyo ni Sheria ya Bima, Sura ya 405. Ukishinda kesi, kampuni ya bima inalipa hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Ikizidi hapo, unaandama mwenye gari.

Sasa angalia uko upande gani.

*Ulikuwa abiria wa boda.* Unaweza kudai kwa mwenye boda, kwa gari lililowagonga, ama kwa wote wawili kama wote walikosea. Lakini kuna mtego. Nduthi nyingi zina bima ya kibinafsi ilhali zinabeba watu kwa pesa. Hapo kampuni inaweza kukataa kulipa. Ile ya kubeba abiria ni bima tofauti.

*Ulikuwa unaendesha na ukagongwa.* Unadai kwa bima ya gari lililokugonga. Bima yako mwenyewe ya mtu wa tatu haikulipi wewe. Neno lenyewe linasema: mtu wa tatu. Kama unataka kulindwa wewe, unahitaji bima ya ajali binafsi.

*Ulikuwa unatembea kwa miguu na nduthi ikakugonga.* Unadai kwa rider, na pia kwa mwenye nduthi kama rider alikuwa anamfanyia kazi.

*Umeajiriwa, unapeleka mizigo ya kampuni.* Kuna sheria ya majeraha kazini ya 2007, WIBA. Mwambie mwajiri mara moja, na madai yaingie ndani ya miezi 12.

Mwenye gari unampata kwa kutafuta rekodi za NTSA kupitia eCitizen, kwa ada ndogo. Usitegemee jina la dere peke yake, ju dere anaweza kuwa ameandikwa wiki iliyopita tu.

Gari la nje, ama ajali ng'ambo

Hapa ndio sisi wa mpakani tuko tofauti na msee wa Nairobi. Malaba unaweza kugongwa na trela ya Uganda ama ya Rwanda, na kesho iko Kampala. Watu hukata tamaa hapo. Usikate.

Magari ya nje hutembea na kadi ya njano ya COMESA, ile madereva huita Yellow Card. Ni bima ya mtu wa tatu inayovuka mpaka. Ajali ikitokea Kenya, inafuata sheria ya Kenya, na ofisi inayosimamia kadi hiyo hapa kwetu ni Kenya Re. Kwa hivyo madai yako yanafanyiwa kazi hapa hapa, halafu wao wanajuana na kampuni ya kule. Unachohitaji ni nambari ya ile kadi, na polisi wanaweza kuiandika kabla trela haijaachiliwa. Ndio maana kuripoti siku hiyo hiyo ni muhimu huku kushinda mahali pengine popote.

Ukiwa wewe ndio umevuka, mambo yanageuka. Ajali ikitokea Busia ya Uganda, ni polisi wa Uganda, na sheria ya Uganda. Usivute nduthi irudi Kenya ndio uripoti huku, utakuwa umejiharibia. Na bima yako ya Kenya haivuki daraja bila ile kadi ya njano. Wasee wa njia za panya, mnajua mnaongeleshwa.

Saa inahesabu

Kesi ya majeraha ina miaka mitatu kutoka siku ya ajali. Kama gari ni la serikali, ni miezi 12 pekee. Miaka mitatu inakaa mingi, lakini mashahidi huhama, gari huuzwa, na faili hupotea.

Kesi ikifunguliwa, kampuni ya bima lazima ijulishwe rasmi ndani ya muda uliowekwa na sheria. Wakili wako asipofanya hivyo, kampuni inaweza kuruka malipo hata kama umeshinda. Muulize, na uombe nakala.

Kesi nyingi za hivi zinasikizwa na hakimu, mfano pale korti za Busia. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai hadi Sh1 milioni na inafaa imalize ndani ya siku 60. Lakini kuhusu kesi za majeruhi wa barabarani, majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana kama zinafaa kwenda huko. Muulize wakili kabla hujapeleka.

Makosa yako pia yanahesabiwa

Hakimu hugawa lawama. Kama hukuvaa helmeti na umeumia kichwa, kama mlikuwa mshikaki, kama ulikuwa unapenya kati ya trela kwa upande mbaya, asilimia fulani itawekwa kwako. Ukipewa Sh500,000 na lawama yako iwe asilimia 30, unabaki na Sh350,000. Sheria inasema abiria mmoja, helmeti na koti la reflekta kwa wote wawili. Si ya kufurahisha karao. Ni pesa yako.

Wakili ama broka?

Utamwona wodini kabla hata plasta haijakauka. Anajua jina lako, ana fomu, anasema "sisi tutakupigania, wewe weka sahihi tu." Huyo ni broka. Kutafutia mawakili wateja hivyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili.

Tafuta wakili mwenyewe. Angalia jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, kama ana cheti cha mwaka huu. Mkubaliane ada kwa maandishi. Na ile stori ya "nilipe tu tukishinda" unaona kwa filamu za Marekani, huku Kenya mapatano ya hivyo hayatambuliki kisheria.

Pesa ya bima hupitia kwa wakili mara nyingi. Kwa hivyo uliza imelipwa lini, ngapi, na amekata nini. Akikuzungusha, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Na kampuni ikitaka mmalizane nje ya korti, kuna hati utapewa uweke sahihi. Ukishaweka, kesi imeisha hata kama mguu utaoza mwaka ujao. Isome kwanza, na uulize daktari kama kuna operesheni ingine inakuja.

Ukitoka kazini, thibitisha ulikuwa unapata ngapi

Mwenye nduthi hana payslipu. Lakini una M-Pesa. Toa taarifa ya miezi sita kabla ya ajali, leta leseni, kadi ya steji, na mwenyekiti wa steji aje kuongea. Korti inapenda kitu inaweza kushika.

Msee akifariki

Familia inaweza kudai, ndani ya miaka mitatu kutoka kifo. Lakini kabla ya kushtaki, mtu wa familia lazima apewe na korti idhini ya kusimama kwa niaba ya marehemu kwenye kesi. Inahitaji cheti cha kifo na barua ya chifu. Kama kuna watoto, weka vyeti vyao vya kuzaliwa, ju wao ndio walikuwa wanamtegemea. Usiache mashemeji na broka wamalizane pesa matangani.

Bahasha yako

Kabla hujalala leo, mwambie mtu mmoja nyumbani mambo haya. Siku ya ajali, wewe unaweza kuwa hujitambui na ni yeye atakimbia. Bahasha iwe na: nambari ya OB, abstrakti, P3, picha, namba za mashahidi, karatasi za hosi, risiti, taarifa ya M-Pesa, rekodi ya NTSA, na nambari ya kadi ya njano kama gari ni la nje.

Ukiwa na hizo, hata dere akuje na thao hamsini, utajua kama ni pesa ama ni matusi. Fowadi hii kwa grupu ya steji yenu.